OpenSCAD au FreeCAD? Kuchagua programu huria ya kuchorea mashine mkiwa kundi

Swali hili nimeulizwa mara nyingi na vijana wa karakana na wanafunzi wa uhandisi: "Kaka, tuko watatu, tunataka kuunda mashine na michoro yake tuiache wazi, mtu yeyote aitengeneze na kuirekebisha. Tuanze na programu gani, OpenSCAD au FreeCAD?" Kwa kawaida anayeuliza ameshatazama video za programu zote mbili, na anachotaka kujua ni ipi inachora vizuri zaidi. Huwa namrudisha hatua moja nyuma. Zote mbili zinachora, zote ni bure, na chanzo cha kila moja kiko wazi. Kinachozitenganisha ni faili linalobaki ukishazima kompyuta: nani ataweza kulifungua baada yako, atalibadilisha vipi, na akibadilisha milimita mbili wewe utajuaje.

Haya nimeyajua kwa mashine moja. Tuko watano, wawili Morogoro na wengine Dar es Salaam, Mwanza na Mombasa, na tunaunda mashine ya kupandia mbegu inayosukumwa kwa mkono. Ina gurudumu la mbele, fremu ya chuma na sanduku la mbegu. Ndani ya sanduku kuna kisahani chenye matundu. Kila tundu linabeba mbegu moja na kuidondosha kwenye mfereji. Tulianza kwa kuchora kila kitu ndani ya FreeCAD. Leo kisahani kiko OpenSCAD, fremu imebaki FreeCAD, na mgawanyo huo umetugharimu chuma na usingizi kabla hatujaufikia.

Kisahani: umbo linaloandikwa

OpenSCAD, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2010, haina kalamu ya kuchorea. Unaandika, nayo inakuonyesha umbo. Kisahani chetu, nikikipunguza hadi kiini chake, ni hiki:

```
mzingo_wa_gurudumu = 1200;  // milimita
nafasi_ya_mbegu = 300;      // mahindi; kwa maharage weka 100
kipenyo_cha_tundu = 12;
idadi = round(mzingo_wa_gurudumu / nafasi_ya_mbegu);

difference() {
  cylinder(d = 120, h = 6, $fn = 120);
  for (i = [0 : idadi - 1])
    rotate(i * 360 / idadi)
      translate([48, 0, -1])
        cylinder(d = kipenyo_cha_tundu, h = 8, $fn = 48);
}
```

Gurudumu letu lina mzingo wa sentimita 120, na kisahani kinazunguka mara moja kila gurudumu linapozunguka mara moja. Mahindi tunayapanda kwa nafasi ya sentimita 30 kutoka shimo hadi shimo, kwa hiyo matundu ni manne. Maharage ni sentimita 10, kwa hiyo matundu kumi na mawili. Mwenzetu wa Mwanza alipotaka kisahani cha maharage hakuchora chochote. Aliandika 100 mahali pa 300, akapunguza kipenyo cha tundu, akachapa kwenye printa ya 3D.

Tazama pia majina ya vigeu, yaani zile namba zilizopewa majina. Ni ya Kiswahili, na programu haina shida nayo, kwa sababu maandishi yetu hayana herufi zenye alama juu au chini. Bibi shamba asiyewahi kuandika msimbo anaweza kusoma mistari minne ya juu akajua cha kugusa. Hata si lazima aufungue msimbo: namba zilizowekwa juu ya faili zinajitokeza pembeni mwa dirisha kama visanduku vya kujaza.

Lakini faida kubwa zaidi ni kwamba faili hili ni maandishi matupu. Kwa sababu hiyo linaingia kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ambacho waandishi wa programu wamekitumia tangu 2005, bila hila yoyote. Mwenzetu akituma badiliko, mimi naona hivi:

```
-kipenyo_cha_tundu = 12;
+kipenyo_cha_tundu = 13.5; // mbegu kubwa zilikuwa zinakwama
```

Nimeona kilichotoka, kilichoingia, na sababu yake. Nikiwa kwenye daladala na simu tu naweza kulisoma badiliko hilo, nikalikubali au nikamrudishia mwenyewe na swali. Watu wawili wakigusa sehemu tofauti za faili moja usiku mmoja, Git inaziunganisha yenyewe. Wakigusa mstari uleule, inasimama na kuwaomba waelewane. Kwa watu ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso, sijaona kitu kinachojenga kuaminiana upesi kuliko hiki. Mimi na yule wa Mombasa tulifanya kazi pamoja miezi mingi kabla ya kupeana mikono, na nilimfahamu kwa maelezo aliyoyaandika kando ya kila namba aliyoibadilisha.

Mfano mkubwa wa njia hii una mizizi mpaka kwetu. Hadubini ya OpenFlexure ilianzia Chuo Kikuu cha Cambridge kwa kazi ya mwanafizikia Richard Bowman, ikaendelea Bath na kisha Glasgow. Mwili wake umeandikwa kwa OpenSCAD, na mafaili yako wazi kwenye GitLab, tovuti ya kuhifadhi na kugawana miradi ya Git. Kamera yake ni ile ndogo ya Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja. Meza inayobeba kioo cha sampuli haitumii beringi wala reli: inasogea kwa vijimkono vyembamba vya plastiki vinavyopinda, na mwili mkuu unachapwa kipande kimoja bila nguzo za kuushikilia. Watanzania wamekuwa ndani ya kazi hiyo. Mafundi wa STICLab, kisha wa Bongo Tech & Research Labs ya Dar es Salaam, wamezitengeneza hapa nyumbani, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wakazitumia kuchunguza sampuli za damu kwa ajili ya malaria. Sasa fikiria vile vijimkono. Unene ukizidi kidogo, meza inakuwa ngumu. Ukipungua kidogo, plastiki inakatika. Unene huo ukiwa ni namba kwenye mstari unaosomeka, fundi wa Dar es Salaam na mwanafizikia wa Uingereza wanaweza kubishana juu yake kwa dakika tano wakamaliza. Ukiwa umezikwa ndani ya faili lisilosomeka, mmoja wao atalazimika kumwamini mwenzake tu.

Na kabla ya hadubini kulikuwa na printa zenyewe. Mradi wa RepRap ulianzishwa na Adrian Bowyer huko Bath mwaka 2005, na ndani ya jamii hiyo Josef Prusa wa Ucheki aliandika vipande vya printa zake kwa OpenSCAD. Watu wakavichukua, wakavirekebisha, printa ikazaa printa.

Mahali OpenSCAD inapokwama

Inakwama, na ni vizuri ujue mapema.

Kwanza, duara lake si duara. Ni umbo la pande nyingi, na wewe ndiye unayesema pande ngapi kwa ile `$fn`. Kwa tundu, jambo hili ni mtego: ncha za pande hukaa juu ya duara ulilotaka, na bapa zake zinaingia ndani. Tundu la milimita 8 lenye pande 16 linabaki na upana wa takriban milimita 7.85 kutoka bapa hadi bapa, na bolti ya 8 haipiti. Ukiweka pande 64 unapata 7.99. Wageni wengi huilaumu printa, kumbe ni hesabu.

Pili, haiandiki faili la STEP, ambalo ndilo karakana zenye mashine za CNC, zinazokata zikiongozwa na kompyuta, huomba kwa sababu linabeba duara kama duara halisi. Kuviringisha kingo za umbo nako ni kazi ya kuchosha, na maumbo yenye nyuzi za skrubu yanaweza kukuweka ukingoja dakika nyingi ukitumia toleo thabiti la 2021.01. Matoleo ya majaribio yaliyotumia injini mpya ya Manifold yameipunguza sana kero hiyo. Dakika zimekuwa sekunde. Kama kundi lenu limeamua OpenSCAD, kubalianeni mapema mnatumia toleo lipi.

Tatu ndilo lililotuumiza sisi. Mwenzetu wa Dar es Salaam ni fundi wa kuchomelea, amefanya kazi ya chuma tangu sisi wengine tuko shule ya msingi. Siku tuliyomfungulia OpenSCAD aliitazama skrini kwa muda, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, hapa mimi nimetolewa nje." Alisema kweli. Tulikuwa tumejisifu kwamba mradi wetu uko wazi kwa kila mtu, na tumemfungia mlango mtu anayekijua chuma kuliko sisi sote. Yeye na wenzake wa mtaa wa Gerezani wanaokereza shafti wanataka karatasi: mchoro wa A4 wenye urefu, kipenyo, mahali beringi inapokaa na kiasi cha nafasi kinachoruhusiwa. OpenSCAD haiitoi karatasi hiyo.

Fremu: umbo linaloshikwa kwa mkono

FreeCAD ndiyo iliyomrudisha. Ni programu ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Jürgen Riegel na Werner Mayer ndio waliouanzisha mradi, toleo la kwanza likatoka 2002, na msanifu majengo Yorik van Havre akawa nguzo yake nyingine. Toleo la 1.0 lilifika Novemba 2024, baada ya miaka 22.

Humu unachora umbo bapa, unalifunga kwa masharti (mstari huu uwe mlalo, mduara huu ukae katikati, umbali huu uwe 40), kisha unalipa unene. Fundi anaelewa mara moja, kwa sababu ndivyo anavyofikiri anapoweka alama kwenye bamba kabla ya kulikata. Mwenzetu alihitaji wiki tatu za jioni. Wiki ya nne alinionyesha kwamba mahali nilipoweka kiungio cha mpini hapafikiki kwa elektrodi, akalisogeza mwenyewe kwenye skrini. Kwa msimbo asingeniambia kamwe. Angekutana na tatizo hilo siku ya kuchomelea, chuma kikiwa kimeshakatwa.

Ndani ya FreeCAD kuna sehemu iitwayo TechDraw inayotoa ile karatasi ya A4 moja kwa moja kutoka kwenye umbo, vipimo vikiwa vimefungwa nalo: ukibadilisha umbo, mchoro unajirekebisha. Inasoma na kuandika STEP. Ina sehemu ya kuunganisha vipande vingi kuwa mashine moja, ambayo tangu toleo la 1.0 inakuja ndani ya programu yenyewe. Ina hesabu za uimara wa vyuma kwa anayejua kuzitumia. Kwa fremu, shafti, mnyororo na vitu vya bamba, sioni sababu ya kuhangaika na kitu kingine.

Ilikuwa na ugonjwa mmoja mkubwa ambao watumiaji wa zamani wanaujua. Programu huvipa namba nyuso za umbo, uso wa 1, uso wa 2, hivyo hivyo. Ukirudi nyuma ukabadilisha mchoro wa kwanza, namba zinaweza kuhama, na tundu ulilolitoboa juu ya uso wa 6 linajikuta upande mwingine wa kipande. Toleo la 1.0 limeutibu ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa. Bado nashauri tabia ya zamani: ambatisha michoro yako kwenye nyuso chache iwezekanavyo, itegemee mihimili mikuu, na vipimo vyote viweke kwenye jedwali moja ndani ya faili, kila kimoja na jina lake. Na wote mtumie toleo moja. Mmoja akibaki kwenye 0.21 na mwingine akiwa kwenye 1.0, mtapoteza siku nzima kutafuta kosa ambalo halipo.

Sasa tuje kwenye faili lenyewe. Faili la FreeCAD linaishia na .FCStd. Libadilishe jina liishie na .zip, lifungue, utakuta ndani yake faili la Document.xml na mafaili mengine yanayobeba maumbo. Ni kifurushi. Git inakitunza, lakini haioni ndani yake; kwa Git, milimita mbili zilizobadilika na fremu nzima iliyofutwa ni kitu kimoja: "faili limebadilika." Na watu wawili wakilibadilisha kwa wakati mmoja, haiwezi kuunganisha. Inakwambia uchague moja.

Hilo nilijifunza kwa gharama. Jioni moja nilisogeza bamba la kushikia mnyororo milimita 15 nyuma. Jioni hiyohiyo mwenzangu wa Mombasa aliongeza unene wa bomba la miguu ya nyuma, kwenye faili lilelile. Yeye alipakia saa nne usiku, mimi saa tano. Git ilinisimamisha, nami nikiwa na usingizi nikachagua langu bila kulifungua lake. Asubuhi chuma kikakatwa kwa mchoro wa miguu ya zamani. Siku ya majaribio, kwenye udongo mzito wa Kilosa, miguu yote miwili ilipinda. Tulipoteza bomba, nauli na siku ya watu watano, na nilimwomba radhi mwenzangu mbele ya wote, kwa sababu kazi yake ilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyeifuta.

Tangu hapo tuna kanuni mbili, na kundi lolote litakalochagua FreeCAD nalisihi lizichukue kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Kila kipande kiwe na faili lake, na faili la mashine nzima liviite vipande hivyo kutoka nje. Hivyo watu watano wanaweza kufanya kazi usiku mmoja bila kukanyagana. Na anayetaka kugusa faili analifunga kwanza kwa amri ya `git lfs lock`, ambayo GitLab na GitHub zote zinaikubali, kisha analifungua akimaliza. Kwa kundi lisilotumia Git, ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, "nimeshika mguu wa nyuma," unatosha kuanzia, ilimradi mwingine auheshimu. Maelezo ya badiliko nayo yaandikwe kwa sentensi kamili, kwa sababu humu hakuna mstari wa msimbo utakaokusemea.

Kompyuta na bando

Kwa ufupi: OpenSCAD ni makumi ya megabaiti, FreeCAD ni mamia. Ile ya kwanza inaandikika hata kwenye laptopu chovu ya mitumba, ingawa umbo gumu litaisubirisha. FreeCAD inataka kumbukumbu ya kutosha na kadi ya picha inayojiweza, na inataka kipanya chenye gurudumu. Usimpe mgeni aianze kwa kusugua padi ya laptopu, atakata tamaa bure. Zote mbili zinafanya kazi intaneti ikiwa imekatika, na mahali ambapo bando linaisha katikati ya mwezi hilo ni jambo la msingi.

Ndiyo sababu naipita haraka Onshape, ambayo wengi huitaja. Ni nzuri kweli, watu wawili wanaweza kuchora kitu kimoja kwa wakati mmoja, na haihitaji kusakinishwa. Lakini inaishi kwenye seva za kampuni ya PTC, mpango wake wa bure ni kwa michoro ya wazi isiyo ya biashara, na mtandao ukiondoka kazi imeondoka. Mwaka 2020 watumiaji wa mpango wa bure wa Fusion 360, programu ya kuchorea ya kampuni ya Autodesk, waliamka wakaambiwa wasizidishe mafaili kumi yanayoharirika. Mradi unaotaka uishi miaka kumi mikononi mwa watu usiowajua usiuegeshe kwenye ua wa mtu mwingine. Kama kuna mtu kwenye kundi anayejua Python, lugha ya kuandikia programu, basi atazame CadQuery: inaandikwa kama OpenSCAD, na inatoa STEP kama FreeCAD. Sisi hatukuwa naye.

Kuachilia mafaili: toa unga, si ugali

Hapa nazungumza na wanaotaka mradi wao uwe wazi kwa dhati. Kwenye mitandao ya kugawana maumbo, wengi hupakia faili la STL peke yake na kuandika kwamba kazi yao ni huria. STL ni ngozi ya umbo iliyogawanywa kwa pembetatu. Inachapika, lakini kuibadilisha ni mateso. Ukimpa mtu STL umempa ugali. Yeye alihitaji unga, apike wa kwake, mlaini au mgumu anavyopenda. Maelezo ya vifaa huria yanayotambuliwa duniani yanadai hivyohivyo: utoe faili la asili katika muundo unaofaa kufanyia mabadiliko.

Kwa OpenSCAD unga ni lile faili la .scad, na mpokeaji yeyote ataweza kulisoma hata kwa simu. Kwa FreeCAD toa .FCStd, na kando yake weka STEP kwa wanaotumia programu nyingine, pamoja na PDF ya mchoro kwa fundi asiye na kompyuta. Hii PDF watu huisahau. Kwetu imepakuliwa na kuchapishwa na watu ambao hawatafungua Git maishani mwao, na wawili kati yao wametutumia picha za fremu waliyoichomelea.

Leseni nayo isiachwe. CERN, taasisi ya Ulaya ya utafiti wa chembe za atomu, ilitoa leseni yake ya vifaa huria mwaka 2011, na toleo la pili la 2020 lina sura tatu. Ya S inamtaka anayesambaza mashine iliyotokana na michoro yako naye atoe michoro yake kwa leseni hiyohiyo. Ya P inamwacha afanye apendavyo, mradi atunze jina lako. Ya W iko katikati. Sisi tumechukua S, ambayo ndiyo ya OpenFlexure pia, kwa sababu hatutaki mtu aichukue mashine ya mkulima, aiboreshe, kisha amfungie mkulima yuleyule. Na kwa wanaoogopa: leseni ya programu uliyochorea haikifungi kitu ulichokichora. Mashine uliyoichora kwa FreeCAD ni yako.

Wewe uchukue ipi

Kama kitu chenu kitachapwa kwa plastiki, kina namba zinazobadilika kulingana na mtumiaji, na wanaokiboresha wametawanyika na hawajuani, chukueni OpenSCAD bila kusitasita. Vishikizo, visahani, viungo vya mabomba ya umwagiliaji, makasha ya vifaa vya kielektroniki, vyote vinakaa vizuri humo. Mwalimu anayefundisha hisabati ya sekondari naye aichukue. Sijaona njia bora ya kumfanya mwanafunzi aone kwa nini 360 inagawanywa kwa idadi.

Kama kitu ni cha chuma, kinapita mikononi mwa fundi wa kukereza, wa kukata na wa kuchomelea, au kina vipande ishirini vinavyopaswa kukutana, chukueni FreeCAD, na mkubali nidhamu ya kufungiana mafaili. Msijidanganye kwamba mtaizoea nidhamu hiyo baadaye.

Na kama mashine yenu ina vyote viwili, kama ilivyo yetu, usione haya kuzitumia zote. FreeCAD inaweza kusoma faili la .scad ukiwa na OpenSCAD kwenye kompyuta hiyohiyo, na maumbo ya kawaida yanaingia vizuri; yale yaliyotengenezwa kwa amri za `hull` na `minkowski` ndiyo hukataa au huingia kama pembetatu tupu. Sisi tunakiingiza kisahani kwenye fremu kwa njia hiyo ili tuone kama kinagusa sanduku. Mkichanganya, amueni kitu kimoja tu: kipimo kinachotumika pande zote mbili, kwetu tundu la shafti, kiandikwe mahali pamoja, na mtu mmoja awe na jukumu la kukilinganisha kila kinapobadilika.

Jumapili iliyopita kijana nisiyemfahamu alituma badiliko la kisahani: nafasi ya sentimita 20 kwa kunde, tundu la milimita 9, na maelezo ya mstari mmoja kwamba amelijaribu kwa mbegu za shambani kwao. Nililisoma nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, nikabonyeza kukubali. Mguu wa nyuma wa fremu, wenyewe, umefungwa tangu Ijumaa kwa jina la fundi wetu wa Dar es Salaam. Anauongezea bamba la pembetatu pale ulipopinda Kilosa, nami nangoja aufungue ndipo nisogeze bamba langu la mnyororo.